Kiti cha Dereva na Godoro la Mama Yako

Banza mwanangu,

Mfuko wako bado uko hapa mlangoni, kwa hiyo najua asubuhi utakuja hata kama hutaki kuniona. Tangu jana uko kwa rafiki yako Kalenga. Nimeulizia, wakaniambia unakula vizuri, basi upande huo nimetulia. Upande mwingine sijatulia hata kidogo. Ulisema hutaligusa gari, utapanda treni, na treni ya hapa Kamina wewe na mimi tunaijua, huja siku inayojisikia kuja. Huko Lubumbashi mtu wa magari ya harusi aliyetafutwa na shangazi yako hatangoja. Anataka gari lililozaliwa kabla ya wazazi wa bibi harusi, na dereva anayelijua. Ukienda bila gari, kazi imekwenda. Na ukienda na hasira uliyoondoka nayo jana, mimi nitabaki uani na gari lililooshwa, bila mtoto.

Sitakuandikia habari za oili, wala maji ya rejeta, wala mitaa ya kuogopa. Hayo unayajua, na usiyoyajua shangazi yako atakuambia mpaka uchoke. Nataka kuzungumza na wewe habari ya kiti, tangu mwanzo, bila kukatizwa. Jana tulikatizana sana.

Unajua gari hili nililipata kwa padri mzee aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Lilikuwa linang'aa, na viti vyake vilikuwa vizuri kuliko viti vya sebuleni kwetu. Nililifanyia kazi miaka mingi. Maharusi, misiba, samaki wa Bukama, wagonjwa, mwalimu mmoja na kabati lake. Na sponji ya kiti cha dereva, ile tunayoita musi, ikaanza kufa polepole. Kwanza ikawa inatoa unga wa njano unaoshika suruali. Kisha ikazama. Mimi nikaweka gunia. Gunia likalala, nikaongeza blanketi kuukuu. Blanketi likalala, nikakunja koti langu nikalikalia. Kila mara niliona nimeokoa pesa, nikajisifu mbele ya mama yako kama mtu aliyeshinda kesi.

Yeye alikuwa ananiambia, "Papa Banza, tengeneza ile kiti. Mugongo hautaipata pa soko." Nilimjibu kwamba wanawake hawajui mambo ya gari. Leo natembea nimeinama kama mtu aliyeangusha sarafu, na gari limekwenda kwako kabla ya wakati kwa sababu siwezi tena kulikalia safari ndefu. Nisingependa kukuficha hilo. Sikukupa gari kwa ukarimu peke yake. Nimekupa kwa sababu mgongo umekataa.

Ndiyo maana ulipopata kazi hii niliapa kwamba kiti hicho hutakikalia vile nilivyokikalia mimi. Barabara ya kutoka hapa mpaka Bukama umeiona, na baada ya Bukama safari ndiyo kwanza inaanza. Nikaenda sokoni kwa yule mama wa kambi, mke wa askari, anayeuza vipande vya musi karibu na njia ya kwenda kambini. Nilimwambia sina pesa ya kutosha godoro jipya. Akapiga kipande kwa ngumi, kikarudi juu mara moja. "Papa, hii iko nguvu, angaria." Nikaangalia, nikapenda, nikabeba kichwani mpaka nyumbani nikipigiwa kelele na vijana wa pikipiki.

Ulinisaidia kukikata, unakumbuka. Tukatandika, tukavuta kitambaa, tukafurahi. Nikaendesha mpaka kambini na kurudi, na kabla sijafika hata nusu ya njia nilikuwa nimekalia springi. Kipande chote kilikuwa kimelala bapa kama chapati. Nilirudi kwa yule mama nikiwa nimewaka. Akacheka mpaka majirani wakaja.

"Mama, ulisema iko nguvu!"

"Iko nguvu ya kulalia, papa. Muntu analala, haruki. Weye unaenda kuruka mu mashimo na uzito yote ile, unataka musi ifanye nini?"

Alikuwa na haki, na hilo liliniudhi zaidi. Ngumi si matako ya mtu kwenye mashimo kutwa nzima. Nilirudi nyumbani pesa imekwisha, na siku za safari yako zinakaribia. Hapo ndipo nikaanza kufikiria lile godoro.

Sasa nitasema jambo ambalo jana sikukuachia nafasi ulisikie. Mama yako alipoanza kulala muda wote, godoro letu lilimfanya vidonda mgongoni. Mimi nikaagiza moja Lubumbashi, zito, la musi ngumu, likaja kwa treni limefungwa kamba kama mfungwa. Ndilo kitu cha kwanza maishani mwangu nilichonunua bila kuomba wapunguze bei. Mama yako alilala juu yake, akapumua, akasema, "Minyi nilikuwa nangoya nigonjwe njo uninunulie kitu ya muzuri?" Alikuwa anatania. Mimi nilitoka nje, nikajifanya naangalia matairi.

Wewe ulimlinda usiku mwingi kuliko mimi. Usiku mmoja ulisinzia ukaangusha dawa ya mbu, ile ya kuwasha, ikachoma kitambaa mpaka kwenye musi, alama ya mviringo ya kahawia. Ulilia kwa hofu. Yeye akaifunika na kanga akasema papa asijue. Mimi nilijua siku ileile. Niliinusa kabla ya kuiona, nikanyamaza, maana ninyi wawili mlikuwa na furaha ya siri na mimi sikutaka kuiharibu.

Alifia hapo, nalo unalijua. Na kilio kilipokwisha, watu wa mama yako walikuja kutoka Bukama kugawa vitu vyake kama inavyotakiwa. Dada yake, Mama Mkubwa Ngoie, alichukua nguo, sufuria, ile redio ndogo. Kisha akaniuliza, mbele ya watu wote, "Shemeji, matela ya mufu iko wapi?" Nikamjibu, "Nilishaiunguza." Akatikisa kichwa kuridhika. Kwao, na kwetu pia, godoro alilofia mtu halilaliwi tena. Linatoka nje ya nyumba, linachomwa, ili yule aliyeondoka asirudi kutafuta mahali pake.

Nilikuwa nimelifunga kwenye turubai, nikalipandisha darini juu ya chumba changu. Wakati Mama Mkubwa ananiuliza, lilikuwa juu ya kichwa chake.

Kwa nini? Jana nilikuambia kwamba ni godoro la bei kubwa, ni upumbavu kuchoma pesa. Hiyo ni kweli kiasi, wewe unanijua. Lakini mtu hapandi ngazi na mgongo kama huu wangu, saa ambayo watu wanalia uani, kwa ajili ya bei. Katikati ya lile godoro palikuwa na bonde dogo lenye urefu wake. Musi ngumu inachukua muda mrefu kusahau. Nilishindwa kulitia moto lile bonde, Banza. Nilishindwa tu. Na sikuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu mtu ambaye nilikuwa namwambia mambo ya namna hiyo ndiye tuliyekuwa tumemzika.

Basi siku ulipokwenda wilayani kufuata karatasi zako, nililiteremsha. Nilichukua kisu cha mkate. Niliweka juu yake kitambaa cha zamani cha kiti kama kipimo, nikachora na chaki, nikaacha nafasi kidogo pembeni ili musi ijaze kona. Sikukata kwenye bonde. Nilikata upande wa miguu, ambapo musi ilikuwa bado kama mpya. Niliona nimefanya kwa heshima. Niligandisha na gundi ya fundi viatu, nikaanika kitambaa juani kilegee, nikafunika musi na nailoni ili kitambaa kiteleze, nikavuta, nikafunga na waya. Kiti kilisimama kama siku ya padri. Nilikaa pale nikashika usukani, na kusema kweli nilifurahi. Nilijisemea kwamba mama yako atakubeba mpaka Lubumbashi. Lilikuwa wazo zuri sana kichwani mwangu. Sikufikiria lingekuwa wazo la namna gani kichwani mwako.

Wewe ukalala chini ya kiti kukaza bolti. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa gari nikikupa spana. Mkono wako ukaacha kukaza, nikadhani umeumia. Kumbe ulikuwa unaangalia juu, katikati ya springi, na pale palikuwa na alama ya mviringo ya kahawia. Nilisahau kwamba alipoanza kuumwa miguu aligeuka kulala, kichwa akakiweka upande uliokuwa wa miguu, na kwa kuwa nilichora upande wa chini, alama sikuiona. Nilikata palepale ulipokuwa ukikaa kumlinda.

"Papa, hii musi ulitoa wapi?"

"Pa soko."

Hilo ndilo neno langu la kwanza. Nimelirudia rohoni tangu jana. Ungeweza kunisamehe kiti, lakini mimi nilianza kwa kukudanganya huku wewe umelala chini ya ushahidi.

Ukatoka, magoti yako yana vumbi. "Papa, iko matela ya Mama. Ni pale njo alikufiaka. Unataka minyi nikalie kufa ya Mama yangu mpaka Lubumbashi?"

Mtu mwenye akili angekaa chini. Mimi nilipandisha sauti. Nilisema gari ni langu, musi ni yangu, pesa ni yangu. Nilisema vijana mnaosoma mnaogopa kitambaa. Nikasema, na majirani walisikia, "Mama yako eko kwa makaburi, haiko mu matela!"

Ukaniangalia. Sijawahi kuangaliwa hivyo na mtu niliyemnunulia viatu. Ukasema taratibu, "Kama haiko mu matela, juu ya nini ulimudanganya Mama Mukubwa? Juu ya nini uliificha?"

Nikasema, "Basi, enda na miguu."

Hilo ndilo jibu nililokuwa nalo. Sina la kulitetea. Miaka yote hii nimekuwa nikifunga mlango kwa kelele kila ninapokosa neno, na mama yako alikuwa anakuja nyuma yangu kuufungua. Nilidhani ni tabia yangu tu, kumbe ilikuwa kazi yake. Sasa hayupo, na mlango umebaki umefungwa tangu jana. Nimejikuta nimesimama mbele yake sijui hata kitasa kiko wapi. Wewe una sauti kama yangu. Nimekusikia unavyomjibu Kalenga mkicheza mpira. Utakapokuwa Lubumbashi na mtu akakuuliza swali ambalo huna jibu lake, naomba ukumbuke uso wangu wa jana, ulivyokuwa mbaya.

Leo tangu alfajiri nimefanya mambo mawili, na yote mawili yalinitisha.

La kwanza, nilimpigia Mama Mkubwa Ngoie. Nilijua kwamba utapita kwake Bukama, utalala kwake, utabeba samaki wake, na utalazimika ama kumwambia ama kumficha. Sikutaka uanze safari ukiwa umebeba uongo wangu. Nilimwambia yote, kuanzia darini mpaka kisu cha mkate.

"Weye," akasema. "Minyi nilikuwa mu ile nyumba yako, nilikula ugali yako, na matela ya mudogo yangu ilikuwa pa kichwa yangu?"

"Ndiyo, shemeji."

"Na mutoto alishaikalia?"

"Hapana. Alikataa."

Nikamsikia anavuta pumzi, na nikaelewa kwamba jibu lile ndilo alilokuwa akilingoja. Kisha akasema, "Mutoto iko na akili ya mama yake. Nitamungoya. Akuye kwangu. Ile vipande, uunguze yote, hapana kubakisha ata kidogo. Na weye, tutaongea." Banza, huyo mama akisema tutaongea, najua nitaongelewa. Nitakwenda, nitakaa chini, nitasikiliza. Hilo ni langu, wewe usilibebe.

La pili ni kiti. Nilikifungua tena. Nilikata waya zote, nikatoa musi ya mama yako mpaka kile kipande kidogo cha kona. Springi nilizifuma kwa mikanda ya mpira wa ndani wa tairi, nimeivuta mpaka vidole vikaota malengelenge. Juu ya mpira nimeshona gunia jipya la mahindi. Juu ya gunia nimekunja mara mbili ile musi ya mama wa kambi, ambayo ikiwa peke yake ni bure lakini ikibanwa chini inafanya kazi. Na juu yake nimeweka godoro langu. Nimelikata upande wa ukutani, ambako halijalaliwa sana.

Najua utasema yeye naye alilala juu ya hilo. Ni kweli, alilala akiwa mzima, akikoroma, akinivuta blanketi, na wewe mwenyewe ukitaka kujua ulipatikana huko. Godoro la namna hiyo halina mwiko, kwa kadiri ninavyojua mimi, na nimemwuliza Mama Mkubwa pia, akacheka kidogo kwa mara ya kwanza. Usiniamini kwa mdomo. Lala chini ya kiti uangalie katikati ya springi kama jana. Nimeacha nafasi kwenye gunia na kwenye ile musi ya chini makusudi. Utaona ile mistari ya bluu uliyokuwa ukiihesabu ukiwa na malaria. Nimeendesha mpaka kambini na kurudi, nikayatafuta mashimo yote, na sikugusa springi hata mara moja. Yule mama wa soko aliponiona napita alinipungia mkono. Sikusimama, nilikuwa na haraka ya kurudi kuandika.

Nilipokuwa navuta kitambaa mara ya mwisho niligundua kwamba siku zote niliogopa kitu kimoja tu, kwamba mtaondoka wote na nitabaki na nyumba. Mama yako akaondoka, nikaficha godoro. Wewe unaondoka, nikajaribu kukukalisha juu yake, ili kwa namna fulani msiende mbali. Ni jambo la kijinga ukiliandika kwenye karatasi. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na nakuomba msamaha, mwanangu. Naogopa sana kwamba utachukua mfuko kimya kimya na kwenda stesheni. Kila mbwa akibweka nasimama.

Vile vipande vyote nimevirudisha mahali pake. Nimevipanga juu ya kitanda changu, ambacho mabaki ya godoro langu nimeyatoa, kipande kwa kipande kama vilivyokuwa, bonde katikati, alama yako ya kuungua upande wa kichwa. Mama Mkubwa amesema vichomwe na vitachomwa. Nimekwisha chimba shimo nyuma ya choo na kuweka majani makavu. Lakini nimejipa usiku wa leo. Asikasirike, na wewe usikasirike. Nilikuwa sijawahi kulala hapo hata mara moja, maana wakati wa ugonjwa palikuwa pake peke yake, na mimi nililala chini kwenye mkeka nikimsikiliza.

Barua hii naiweka juu ya mfuko wako. Juu ya barua naweka ufunguo wa gari, na kando ya ufunguo naweka kiberiti. Ukichukua ufunguo peke yake, nenda salama, nitasikia injini na nitashukuru Mungu. Usipochukua kitu, pia nitakuwa baba yako.

Ila ukichukua na kiberiti, ingia chumbani uniamshe. Niamshe polepole, kama ulivyokuwa ukimwamsha yeye.

Papa yako